Nilivyomleta Mangobo Mwanamke wa Chekeche

Tangu nirudi, kila anayenikuta sokoni ananishika mkono na kuniuliza: "Madame Zaituni, ni kweli ulitembea wiki mbili kwa sababu ya picha?" Wengine wamesikia kwamba nilifungwa. Wengine wamesikia kwamba nilifanya muujiza. Nimechoka kujibu kipande kipande, huyu hiki na yule kile, kwa hiyo nimekaa chini nikaandika yote, mpate kusoma na kupashana wenyewe. Sikufungwa. Muujiza pia sikufanya. Lakini niliondoka Kisangani na turubai tupu na blanketi mbili, nikarudi nimeshinda.

Kwa asiyenijua: nafundisha uchoraji katika shule moja ya wasichana hapa Mangobo, mtaa wa Kisangani, na nikitoka darasani natengeneza fremu katika karakana ya baba yangu, Papa Salumu. Sisi ni wangwana, Waislamu wa siku nyingi hapa mjini, maseremala toka kwa babu. Baba aliwafanyia mapadri kazi nyingi kuliko Waislamu wenzake, kwa sababu mapadri ndio waliokuwa na picha za kutundika. Tangu utoto wangu alinisimulia picha moja ambayo alirekebisha fremu yake ujanani, ng'ambo ya Bafwasende, katika kanisa dogo la misheni: mwanamke wa Kizungu mwenye nguo nyeupe, kashika chekeche, ile sisi tunaita tami, na ndani ya chekeche mna maji.

"Maji," baba alikuwa akisisitiza. "Si unga. Niliangalia karibu, pua yangu hapa, picha pale."

Msimu wa mvua ulipoanza, padri wa misheni ile, Abbé Faustin, alituma ujumbe. Upepo umeng'oa paa la kanisa. Picha imeanza kuota ukungu. Kama yule fundi wa zamani yu hai, aje aichukue, aiponye, aitundike mahali watoto wanapojifunza, kwa maana kanisa jipya litakawia. Baba aliposikia alisimama, akajaribu magoti yake mlangoni, akarudi kuketi.

"Enda wewe," akaniambia. "Na usiikunje. Hata wakikuambia ikunje, usiikunje."

Kutoka Kisangani: tope la siku tatu

Niliondoka Jumatatu asubuhi kwa lori la Kasereka, dereva Mnande wa Butembo, Mkatoliki hasa, mwenye rozari kwenye kioo na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Nyuma kulijaa chumvi, sabuni na madumu ya mawese, na abiria juu yake. Mimi nilipewa nafasi mbele kwa heshima ya ualimu.

"Madame, unaenda tafuta nini kule?" aliniuliza kabla hatujapita nyumba za mwisho za mji.

"Naenda kutafuta picha."

"Ni kwa sababu ya papa?"

Nikamfikiria baba na magoti yake. "Ndiyo, kwa sababu ya papa. Mwenyewe hawezi tena."

Kasereka alinitazama kwa huruma nyingi, akatikisa kichwa. "Bon. Hii mambo ya or inaharibu batu."

Or ni dhahabu; injini ilikuwa inanguruma, nikafikiri anazungumzia barabara ya wachimba dhahabu kwa jumla, nikaitikia. Kosa langu lilianzia hapo, nami sikulijua mpaka Bafwasende.

Siku ya pili, mbele kidogo ya Bafwaboli, barabara iliisha. Namaanisha ilikuwepo, lakini lori moja lilikuwa limelala ubavu katikati yake, na nyuma yake malori mengine tisa yamepanga foleni kama wagonjwa. Tulikaa pale siku tatu. Mvua ilinyesha kila alasiri, kwa saa ile ile, kana kwamba ilikuwa imeajiriwa.

Siwezi kusema niliteseka. Kina mama wa kijiji cha karibu walikuja na lituma, ndizi zilizopondwa vizuri mpaka zinavutika, na liboke ya samaki ambayo ukiifungua majani, harufu inakufanya usahau kwamba umelala ndani ya lori ukiwa umejikunja. Mmoja wao alikuja moja kwa moja kwangu, akaniwekea liboke kubwa mapajani.

"Kula, ma soeur. Usiwaze mingi. Banaume njo vile."

Nilidhani anawasema madereva walioshindwa kulitoa lile lori. Nikamwambia kweli, wanaume wakikwama hawasikii shauri. Akanikumbatia. Abiria mwingine, mzee wa biashara ya mchele, alinifuata kunishauri nisipige kelele nikimkuta, niongee pole pole. Nikamshukuru. Nilifikiri ananifundisha jinsi ya kuzungumza na Abbé.

Siku ya tatu kila mtu alikata matawi, madereva na abiria, mimi na suruali chini ya vitenge viwili. Tulitandika mti juu ya mti mpaka tope likapata mgongo. Lori la kwanza lilipopanda na kupita, watu mia moja walipiga kelele kama uwanja wa mpira. Kasereka alinipigia honi mara tatu. Nilikuwa na matope mpaka kwenye nyusi, na nilijisikia mkubwa.

Bafwasende: bwana nisiyemjua

Tulifika Ijumaa mchana. Nilipata chumba, nikaomba maji, na nilikuwa naosha miguu uani wakati mwanamume mmoja alipobisha hodi. Alikuwa mchimba dhahabu, na buti zake za mpira zilikuwa zimeoshwa mpaka zinang'aa. Shati alikuwa amelifunga vifungo vyote hadi kooni.

"Madame, samahani. Nasikia iko mama mumoja ya Kisangani, anatafuta bwana yake, iko na picha yake."

"Nani?"

"Ni weye, banasema." Alikohoa. "Mimi njo naitwa Lomami. Bibi yangu alinikimbia kuko miaka mbili. Donc, kama ule wa kwako hapatikane, mimi niko."

Hapo ndipo siku tano zote zilipojipanga mbele yangu: "papa" niliyemtaja, ambaye Kasereka alimsikia kuwa bwana wangu aliyekimbilia dhahabu, huruma yake, liboke, mzee wa mchele. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maji ya kunawia. Lomami alisimama akisubiri kwa adabu, na nilipomweleza kwamba ninayemtafuta ni mwanamke, tena wa rangi na mafuta, kwenye kitambaa, kanisani, hakuona haya hata kidogo. Alicheka kunizidi.

"Kanisa ya Abbé Faustin? Mama yangu anatoka kule! Kesho nakupeleka na moto."

Na kweli alinipeleka. Pikipiki mpaka ukingo wa mto Lindi, pirogue, mtumbwi wa gogo, kuvuka, kisha saa tatu za miguu msituni. Lomami alitangulia na panga, akinisimulia jinsi bibi yake alivyokuwa mzuri. Sijawahi kupata msaada mkubwa kutokana na uvumi wa uongo.

Misheni: Mama wa Unga

Abbé Faustin ni mwembamba, mrefu, na anapocheka anashika ubao wa mlango. Alinipokea na maneno haya: "Binti ya Salumu! Papa yako alikula hapa kuku nane kwa wiki mbili." Kisha akanipeleka kanisani moja kwa moja, kabla ya maji ya kunywa, na nilimpenda kwa hilo.

Paa lilikuwa mbingu. Picha waliisogeza kwenye kona na kuifunika kwa majani ya migomba na karatasi ya plastiki. Abbé aliondoa jani moja moja. Nikamwona.

Alikuwa na urefu karibu sawa na wangu. Nguo nyeupe, utaji mweupe, anatoka mtoni na kupanda kuelekea hekalu la duara linalotoka moshi. Mikono miwili imenyooka mbele, chekeche juu yake, na ndani ya chekeche maji yamesimama, yana hata mng'ao wa anga. Baba hakukosea. Upande mmoja madhabahu ya moto. Miguuni mnyama mdogo mweupe mwenye mkufu shingoni. Ukungu ulikuwa umekula pembe ya chini na kuanza kupanda kwenye nguo, lakini uso na mikono vilikuwa salama. Nilisoma juu ya picha za namna hii Kinshasa nilipokuwa mwanafunzi wa sanaa, kwenye vitabu vyenye picha ndogo nyeusi, na sasa mmoja wao alikuwa amesimama mbele yangu kwenye msitu wa Tshopo.

"Sisi hapa tunamuita Mama wa Unga," Abbé akasema. "Unaona, iko na tami. Iko na moto ya kupikia. Na hii panya imekuja kwa sababu ya unga."

Jioni ile ya mapema, waumini wakiwa wamekaa kwenye mabenchi yasiyo na paa, nilimweleza yeye na wao. Kwamba Roma ya zamani, kabla ya Yesu, kulikuwa na makuhani wanawake sita waliotunza moto wa mji, moto wa Vesta, mungu wao wa kike wa meko. Walichukuliwa wadogo, wakaapa kukaa miaka thelathini bila mume. Aliyevunja kiapo alizikwa angali hai. Mmoja wao alisingiziwa. Hakuwa na shahidi. Akachukua chekeche, akashuka mtoni, akaijaza maji, akapanda nayo hadi hekaluni mbele ya macho ya wote, na maji hayakudondoka. Ndiyo maana baadaye wachoraji wa Ulaya walipotaka kusema kwamba mwanamke ni safi, walimpa chekeche mkononi. Hata malkia walijichoresha hivyo.

"Na panya?" aliuliza mama mmoja, aliyekuwa amemwamini panya huyo maisha yake yote.

Nikawaambia si panya, ni mnyama wa nchi za baridi kali, na Wazungu walisema yuko tayari kushikwa na mwindaji kuliko kuchafua manyoya yake kwenye tope.

"Alors huyu hawezi kufika Bafwasende," Lomami akasema, na kanisa zima likacheka.

Kitu kilichonifurahisha zaidi kilikuwa fremu. Padri wa wakati ule alimwagiza fundi wa kijiji achonge mnyama wa hadithi za Ulaya, farasi mwenye pembe moja, asiyekamatwa na mtu ila anayekuja mwenyewe kulaza kichwa kwenye mapaja ya bikira. Fundi hakuwahi kuona farasi. Akachonga mnyama aliyemjua: okapi, na milia yake yote ya miguuni, na pembe moja katikati ya kipaji cha uso. Wanne, mmoja kila kona. Mchwa walikuwa wamemla mmoja tu.

Nilikaa siku tano. Niliikausha picha polepole kivulini, nikapangusa ukungu, nikabandika karatasi nyepesi mahali rangi ilipotaka kubanduka, nikaifunga pamoja na fremu yake kwa blanketi na turubai, bapa kama mlango. Abbé aliniandikia barua ya kueleza kila kitu na kuipiga muhuri. Wakati wa kuvuka Lindi kurudi, pirogue iliingiza maji. Nilikuwa na mikono miwili tu, nikainyanyua picha juu ya kichwa. Mkoba ulibaki chini, na barua ndani yake.

Kurudi: "Tunamubeba Maria"

Kasereka alinikuta Bafwasende Jumamosi, akirudi na maharage. Aliponiona na mzigo mpana akauliza kama nilimpata bwana. Nikamfungulia ncha ya blanketi. Alitazama utaji mweupe, uso uliotulia, akavua kofia na kufanya ishara ya msalaba. Nilianza kumweleza, lakini alikuwa ameshakimbia kuwahimiza watu watandike maharage chini yake kama godoro. Nikaona heshima ile haina hasara.

Hasara ilikuja Jumapili. Katika kijiji kimoja, ambacho jina lake sitaliandika kwa sababu watu wake sasa ni rafiki zangu, kuna bariera, kizuizi cha mti uliolazwa barabarani. Tulifika watu wakitoka kusali, wamevaa vizuri, wengi. Chef, mkuu wa bariera, aliuliza kuna nini ndani ya lile turubai.

Kasereka akajibu kwa fahari, kwa sauti yake yote: "Tunamubeba Bikira Maria!"

Kila mtu alisogea. Chef aliomba kumwona, akafunguliwa. Wengine walipiga magoti palepale. Kisha macho yakahama kutoka kwake kuja kwangu, kwenye mtandio wangu.

"Mama, weye unasali wapi?"

"Mimi ni Mwislamu."

"Na Maria unamupeleka wapi?"

Nilitoa barua. Wino ulikuwa umegeuka wingu la buluu. Hata muhuri ulikuwa doa. Mtandao wa simu hakuna. Mtu mmoja nyuma akasema waliiba pia sanamu huko mbele mwaka jana. Mwingine akarudia kwa sauti zaidi. Neno "mwizi" nililisikia likizunguka kundi lile, likirudi kubwa kila mara. Kasereka alijaribu kunitetea, akazidi kuharibu, akasema mimi ni mke mwema aliyeachwa na bwana.

Chef hakuwa mtu mbaya. Alinyanyua mkono, wakanyamaza. "Mama, mimi sisemi umeiba. Mais siwezi kuacha Maria aende na mutu sijue. Ataingia ku kanisa yetu. Tutatuma mutu kwa Abbé. Akisema ni sawa, utarudi kumukamata."

Nililitazama kanisa lao. La udongo, paa la majani, na maji ya mvua ya jana bado yanadondoka kutoka kwenye boriti. Kwenda na kurudi kwa Abbé ni wiki mbili, labda tatu, kwa mvua hizi. Rangi niliyoibandika kwa karatasi isingevumilia hata siku nne. Nikamkumbuka baba mlangoni, akijaribu magoti yake.

"Si Maria," nikasema. "Nisikilizeni. Nionyesheni picha moja tu ambamo Maria kashika tami."

Hapo walitazama tena. Ilikuwa kweli, hawakuwahi. Nikawasimulia yote, nimesimama juu ya ngazi ya lori, kama niko darasani: moto, miaka thelathini, kusingiziwa, mto, chekeche. Walisikiliza vizuri. Lakini nilipofika kwenye maji, kijana mmoja wa kwaya aliangua kicheko.

"Maji ndani ya tami? Ule mama iko nadanganya!"

Wakacheka wote. Chef alinitazama kwa masikitiko. "Unaona, Madame. Kama ile iko uongo, nani ataamini ingine?"



Kutoka kijitoni hadi bariera

"Si uongo."

Aliyesema alikuwa mama mnene aliyevaa kitenge cha kwaya, muuza unga wa muhogo na katekista wa kijiji. Anaitwa Mama Anzelani. Alipita katikati ya watu akaja mpaka kwenye ngazi.

"Miaka makumi mbili nauzisha unga. Tami ikipata mawese, unga inakatala kupita. Maji pia inakatala. Mimi nalijua hiyo kwa kuchapa batoto yangu." Akanigeukia. "Weye ulijua?"

"Sikujua," nikasema. "Nilijua hadithi tu."

"Bon. Sasa utajua na mikono."

Chef alikuna kidevu. Nadhani alikuwa na hamu kuliko wote. "Basi abebe yeye mwenyewe. Kutoka kijito mpaka hapa. Maji ikifika, hadithi yake iko kweli, na anaenda na picha yake. Ikimwangika, picha inabaki."

Mama Anzelani aliagiza iletwe tami yake mpya, yenye wavu mwembamba. Aliipaka mawese mbele ya wote, bila kuficha, juu na chini, kwa vidole, kisha akaipuliza ili mafuta yasizibe matundu kabisa. Mtu aliuliza kama hiyo si udanganyifu. Akamjibu: "Ule wa Roma, unafikiri alikuwa hana jikoni?"

Tulishuka kijitoni, kijiji kizima nyuma yetu. Nilivua viatu. Mama Anzelani aliniambia nishike chini kidogo, viwiko karibu na mbavu, na nisipumue kwa kifua. Alichota maji kwa jani pana, akayatelezesha ndani ya chekeche taratibu sana, kama anavyolazwa mtoto aliyesinzia. Tone moja. Mawili. Kisha maji yakaenea, yakatetemeka, yakakaa. Nilitazama chini ya wavu. Palikuwa pakavu.



Nilianza kupanda. Njia ile si ndefu, hatua sitini labda, lakini ni ya udongo mwekundu ulioloweshwa na mvua, na kila hatua niliitafuta kwa vidole vya miguu kabla ya kuikanyaga. Sikuangalia watu. Niliangalia maji, ambamo niliona tawi, kisha wingu, kisha paji la uso wangu. Katikati ya mlima mguu uliteleza. Maji yalikimbilia ukingo mmoja, na watu wakatoa sauti moja, "Eeeh!" Nikasimama. Mikono ilikuwa inawaka. Nikamsikia Mama Anzelani upande wa kulia: "Usikimbie, mwanangu. Hakuna mutu anakufukuza." Maji yakarudi katikati. Nikaendelea.

Nilipofika kwenye mti wa bariera, Chef aliinama akaweka kiganja chake wazi chini ya chekeche. Alikiacha hapo muda mrefu. Kisha akakiinua, akawaonyesha watu wote, kikavu.

Sijui nani alianza. Nadhani ni kijana yule yule wa kwaya, aliyenicheka. Waliimba, ngoma ikatolewa kanisani, na nikayamwaga maji yale kichwani mwa Kasereka, ambaye alikuwa analia waziwazi. Chef mwenyewe aliinua mti wa bariera, akamwamkia mwanamke wa kwenye picha kwa kuinamisha kichwa, na kuniambia: "Madame, ukirudi Kisangani, sema hapa tulimwachia njia sisi wenyewe."

Nimesema. Hatukuondoka, lakini, kabla ya kula. Mama Anzelani alitupikia pondu ya majani ya muhogo na kuku, na fufu ya unga wake mweupe, na kunipakulia mara tatu. Aliniuliza kama makuhani wale baada ya miaka thelathini waliruhusiwa kuolewa. Nikamwambia ndiyo, lakini wengi walikataa. Alifikiri, akatafuna, akasema anawaelewa kabisa.

Mangobo

Tuliingia Kisangani Jumanne mchana. Kasereka alitakiwa kushusha maharage ya wenyewe kwanza, lakini alikataa. Alipita na lori zima hadi ndani ya Mangobo, akipiga honi katikati ya soko, kwenye njia ambazo hata toleka mbili, baiskeli za abiria, hupishana kwa shida, na akinadi kupitia dirishani kwamba amemleta Mama wa Roma. Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, kwa kanzu na kofia, randa mkononi. Tulimshusha mwanamke wetu polepole. Baba hakutazama uso kwanza. Aliweka pua karibu na chekeche, kama ujanani.

"Maji," akasema, na kunishika bega kwa nguvu mpaka likauma.

Kusafisha kulichukua wiki nyingi, na kuchonga okapi wa nne kulimpa baba kazi ambayo sijamwona akiifurahia hivyo tangu mama afariki. Wiki iliyopita tuliitundika picha katika ukumbi wa shule. Niliwaalika wazazi. Walikuja pia kina mama wauza unga wa soko zima, maana habari ilishaenea, na walijaa mpaka nje ya madirisha wakiwa bado na unga mikononi.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Sikuitoa. Mwanafunzi wangu Furaha, ambaye mwaka mzima hajawahi kunyoosha mkono darasani, aliomba aeleze yeye. Alisimama mbele, akaonyesha kwa kidole moto, hekalu, mnyama mweupe asiyetaka tope, okapi wenye pembe moja. Akaeleza jinsi mwanamke yule alivyosingiziwa na kwamba hakuwa na mtu wa kumtetea. Akaonyesha mto, akaonyesha njia ya kupanda. Mama mmoja hakuweza kuvumilia, akapaza sauti kutoka dirishani: "Na alifika?"

Furaha alimgeukia. "Alifika, mama. Hata tone moja halikudondoka."

Ukumbi mzima ukalipuka. Nimesikia vigelegele vingi hapa Mangobo, vya arusi, vya watoto waliofaulu mtihani wa taifa, vya timu iliyoshinda. Siku ile vilipigwa kwa ajili ya mwanamke aliyeshinda kesi yake Roma zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na vilipigwa kama vile hukumu imesomwa asubuhi ile.